Ramani ya Mama Sindano

Maji ya chai yalichemka yakaisha, sufuria ikaanza kutoa harufu ya kuungua, na Mama Sindano bado alikuwa dirishani, pua imegusa kioo.

"Wifi, leo unapika chai au unapika sufuria?" aliuliza dada wa mumewe kutoka kwenye kochi.

Mama Sindano alinyoosha mkono akazima jiko bila kugeuza kichwa. Macho yake yalikuwa barabarani. Asubuhi watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wameondoka na mwalimu wao kwenda matembezi, na wazazi wakaambiwa watarudi kabla jua halijazama. Jua lilikwisha kuzama. Taa za barabarani zilikwisha kuwaka. Mtoto wake wa pekee alikuwa katika kundi hilo, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amerudi.

Mtoto huyo alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na mtaa mzima ulimwita Kiherehere. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Alikuwa wa kwanza kunyoosha kidole, wa kwanza kupanda ukuta, wa kwanza kuanguka. Mama yake alimpata baada ya mimba kadhaa kuharibika, watu wakiwa wamekwisha kuacha kumwuliza, na tangu siku ile hakulala usingizi wa kueleweka. Kila usiku aliamka akaenda kuweka kiganja karibu na pua ya mtoto, aone kama anapumua. Mpaka siku moja mtoto akamwambia, amefumba macho, "Mama, napumua. Kalale."

Wifi yake walimwita Redio, kwa sababu habari ikiingia kwake haikai. Jioni hiyo alikuwa ametoka na kurudi, akatoka tena na kurudi, na kila aliporudi uso wake ulikuwa umepungua ucheshi.

"Mto umejaa," alisema aliporudi tena, akivua kandambili. "Hapa kwetu vumbi tupu, lakini kule mlimani mbingu imepasuka. Maji yamekuja na magogo. Wanaume wamefika bwawani, yale mawe ya kuvukia hayaonekani kabisa. Wamepiga kelele mpaka sauti zimekauka. Kimya."

"Kwa hiyo watoto wako ng'ambo."

"Wako ng'ambo, au..." Redio alijing'ata ulimi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mama Sindano kumwona akimeza sentensi nzima.

Mama Sindano alikaa kitini, mikono katikati ya magoti. Kitu kimoja kilikuwa kinamzunguka kichwani tangu jioni, na hakuthubutu kukisema.

Jumapili iliyopita alikwenda kumchukua mtoto, akasimama mlangoni mwa darasa kama kawaida yake. Yeye shule aliiacha mapema. Baba yake alipofariki alipelekwa kufagia nyuzi katika duka la mshonaji, na akiwa anafagia akajifunza kukata, kisha kushona, mpaka akawa na cherehani yake na chumba chake na jina lake. Lakini mlango wa darasa ulimvuta siku zote. Alikuwa anafika mapema makusudi, anajifanya anamsubiri mtoto, huku anasikiliza.

Mwalimu alikuwa mzee mwembamba ambaye ujanani aliwashikia fito wapima ardhi. Waliompenda na wasiompenda walimwita jina moja, Mwalimu Ramani. Hakufundisha hadithi yoyote bila kwanza kuonyesha mahali ilipotokea. Siku ile alikuwa anasema habari za mto Yordani.

"Unaanzia huku, milima ya Hermoni," alisema, akigusa ukingo wa kushoto wa ramani. "Huko juu kuna theluji. Theluji ikiyeyuka, na mvua za mwisho zikinyesha, mto unajaa wakati huku bondeni watu wanavuna shayiri. Mtu anatazama juu, haoni wingu, anatazama chini, maji yamemfika kiunoni. Ndivyo Waisraeli walivyoukuta siku walipotaka kuvuka kwenda Yeriko."

Kidole kimoja kilikuwa tayari hewani. Cha nani tena?

"Mwalimu, na makuhani walipokanyaga tu, maji yakasimama?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Sasa kama mtu ana imani kweli kweli, akakanyaga mto wetu, nao utasimama?"

Darasa liliangua kicheko. Mama Sindano alitaka sana kusikia jibu, lakini mteja mmoja alikuwa amemshika mkono pale mlangoni, anamwuliza kama mikono ya gauni lake inaweza kupunguzwa. Alipogeuka, watoto walikuwa wanakusanya viatu vyao.

Jibu lilikuwa nini? Wiki nzima hakukumbuka kuuliza. Na leo mto umejaa, na Kiherehere yuko ukingoni mahali fulani, na miguu yake haijawahi kumsubiri mtu.

Mlango ulisukumwa. Aliingia mumewe, fundi wa kuchomelea, ambaye kila mtu alimwita Cheche. Nyuma yake waliingia mzee wa kanisa na dereva wa pikapu, ambaye mapacha wake nao walikuwa katika kundi. Wote watatu walikuwa wamelowa mpaka magotini.

"Mama, ile ramani iko wapi?" Cheche aliuliza. Alichomeka simu yake kwenye chaja bila kuitazama.

"Iko mezani. Bandi nimeimaliza."

Ramani hiyo aliishona mwenyewe. Ile ya karatasi ya Mwalimu ilipochanika vipande, mzee alimjia akamwuliza kama anaweza kumshonea nchi. Ndivyo alivyosema, kunishonea nchi. Mama Sindano alicheka, kisha usiku akakosa usingizi kwa furaha. Alikuwa ameshona sare, mapazia, magauni ya maharusi na nguo za marehemu, lakini nchi hajawahi. Aliishona juu ya kitambaa kizito cha pazia: milima ya kahawia, bonde la kijani, utepe wa bluu kuwa Yordani. Kabla ya matembezi ya kila mwaka Mwalimu alimletea ramani hiyo apige bandi, ile mishono mirefu ya muda, kuonyesha njia ambayo watoto watatembea. Wiki hii alikuja pia na ombi la kukatiwa kipande cha satini nyekundu, bila kusema cha nini.

Maana Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Kila mahali katika vilima vya mji wao alikuwa amepapachika jina kutoka kwenye ramani, naye na watoto ndio pekee waliojua lipi ni lipi. Kila mwaka njia ilikuwa mpya, na ilikuwa siri. Alikuwa anasema wana wa Israeli nao hawakuambiwa njia mapema.

"Siri!" dereva alifoka, akikunjua ramani juu ya meza ya kukatia. "Mtu mzima anachukua watoto wa watu halafu njia anaifanya siri!"

"Hana mtoto huyo," Redio alidakia. "Ndiyo maana anachezea wa wenzake."

"Redio, zima kidogo," alisema Cheche. "Mama, wewe ndiye uliyepiga hii bandi. Tuonyeshe."

Vichwa vitano viliinama juu ya kitambaa. Mama Sindano aliweka kidole kwenye uzi mweupe.

"Wametoka hapa, Yerusalemu. Hiyo ni kanisa letu, Kiherehere aliniambia. Wakaenda Galilaya. Galilaya ni bwawani."

"Tunajua, ndiko walikoonekana mara ya mwisho," alisema mzee wa kanisa. "Mchunga ng'ombe amewaona wanavuka, mawe makavu kabisa. Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo wanakwenda Yeriko. Uzi unaishia kwenye fundo, hapo Yeriko. Ndipo pa kupumzikia."

"Na Yeriko yake ndiyo ipi?"

Wakatazama. Kutoka Galilaya uzi ulivuka utepe wa bluu, ukaenda kulia, kulia, mbali.

"Kulia," alisema Mama Sindano. "Kulia ni mashariki."

Hilo alilijua tangu darasa la pili. Kaskazini juu, kusini chini, mashariki kulia, magharibi kushoto. Waliliimba wakipunga mikono.

Mzee wa kanisa alipiga meza kwa kiganja. "Mashariki ya bwawa kuna nini? Misonobari. Na katika misonobari kuna nini? Kile kiwanda cha mbao kilichokufa. Kuta zake zimeanguka zote! Yeriko, mji wa kuta zilizoanguka! Jamani, si ndiyo hiyo?"

Ilikuwa ndiyo hiyo. Kila mmoja alisikia kabisa ufunguo ukiingia kwenye kufuli. Hata Redio alinyanyua mikono juu.

"Tunazungukia daraja kubwa," alisema dereva, tayari yuko mlangoni. "Ni mwendo mrefu lakini gari litafika."

Cheche alimshika mkewe bega. "Umetusaidia, mama. Kaa hapa, asije akarudi akakuta hakuna mtu."

Pikapu iliunguruma, ikaondoka. Mama Sindano alisikiliza mpaka mlio ukaisha, na baada ya hapo akasikiliza mahali mlio ulipokuwa.

"Watawapata," Redio alisema. "Utaona. Saa hizi wamekaa kwenye magogo wanaimba."

"Sauti ya Kiherehere ya kuimba, wangeisikia toka daraja kubwa."

Walicheka kidogo, kicheko cha kuazima. Kisha Mama Sindano, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa na mikono mitupu, akavuta ramani kutoka mezani aikunje. Ilikuwa nzito. Ilimtoka mikononi, ikateleza, na upande wake wa chini wote ukamwangukia mapajani, kitambaa kipana cha bluu iliyokoza.

Bahari Kuu. Alikumbuka alivyoishona, miguu yake imefunikwa na bahari kama mtu aliyekaa ufukweni. Akakumbuka na maneno.

"Mwalimu," alimwambia siku ile, "mbona bahari umeiweka huku chini, mapajani mwangu? Sisi tulifundishwa kaskazini ndiyo inakaa juu."

Naye mzee akafurahi kuulizwa, akavuta kigoda. "Kuna ramani moja ya kale sana, mama, sijui kama kuna ya zamani zaidi ya nchi zile iliyobaki. Imetengenezwa kwa vijiwe vya rangi, iko sakafuni mwa kanisa, katika mji wa Medeba, ile nchi ya Moabu ya zamani. Walioipanga waliweka mashariki juu. Mtu akiingia kanisani uso wake ulielekea mashariki, na nchi yote ikalala mbele ya miguu yake vile vile ilivyo. Nami nataka watoto waione hivyo. Wasimame baharini, wapande milima ya Yerusalemu, washuke bondeni kwenye Yordani, na mbele yao waione Moabu, jua linachomoza. Hata samaki wamo mtoni katika ramani ile. Mmoja amekaribia Bahari ya Chumvi, akageuza kichwa anarudi alikotoka."

"Ana akili huyo," Mama Sindano alisema, akamshona samaki huyo kwenye ramani.

Sasa alitazama. Samaki alikuwa pale, wa uzi wa fedha, kichwa kimegeuka, mwishoni mwa utepe wa bluu, upande wa kulia. Juu mashariki. Chini bahari. Hermoni ukingo wa kushoto, alikogusa Mwalimu alipokuwa anasema habari za theluji. Basi kushoto ni kaskazini.

"Wifi," alisema. "Wifi! Nimewapeleka siko."

"Nini?"

"Kulia si mashariki! Kulia ni kusini. Hawakupanda kwenye misonobari, wameshuka na mto! Mimi ndiye niliyeishona, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, halafu nimewatuma wanaume kwenye misonobari!"

Redio alinyakua simu yake akapiga namba ya kaka yake. Kwenye chaja, pembeni ya cherehani, simu ya Cheche ikaanza kuimba.

Wanawake wawili waliitazama mpaka ikanyamaza.

"Huyu mtu," alisema Redio, "siku ya harusi yenu alisahau viatu."

Alimpigia dereva. Haikupatikana. Kule kwenye misonobari simu hazishiki, kila mtu alijua. Akampigia mke wa dereva, akaacha ujumbe kwa mzee wa kanisa, akaacha na kwa watu wengine wasiohusika. Mama Sindano hakumsikiliza. Alikuwa anafunga kamba za viatu na kufikiri kwa sauti.

"Yeriko iko chini. Mwalimu alisema ni chini kuliko hata usawa wa bahari, karibu na Bahari ya Chumvi. Mwaka jana Kiherehere alirudi viatu vyeupe pe, anasema ametoka Bahari ya Chumvi. Nikamchapa kwa ajili ya vile viatu. Weupe ule ni wa wapi? Ni chokaa. Ni yale machimbo ya chokaa, lile dimbwi la chini. Na baada ya machimbo kuna nini, kando ya mto?"

"Hakuna kitu. Nyumba ya pampu tu, iliyoachwa."

"Na mawe ya kuvukia kurudi upande wetu."

Mawe yale ya chini yalikuwa mabaya kuliko ya bwawani hata siku za ukame.

"Wifi, usiku huu? Machimboni? Kule wezi wa vyuma ndiko wanakofanyia biashara zao."

"Basi baki."

"Nibaki nimwambie nini kaka yangu?" Redio alivaa koti la Cheche, lililomfika magotini, akachukua nyundo kutoka kwenye sanduku la vifaa. "Twende. Nikiuawa, yale magauni yangu uliyokaa nayo tangu mwaka jana unizike nayo yote."

Njia ya machimboni ilianzia nyuma ya kanisa na kuteremka moja kwa moja. Mama Sindano alitangulia na tochi ya simu. Vumbi la chokaa lilikuwa jeupe kama unga, na kando yake magenge ya mawe yalisimama meusi. Mwanzoni walisikia miguu yao tu na pumzi za Redio. Kisha, taratibu, wakaanza kuusikia mto.

Mama Sindano alijua sauti ya mto ule. Alifua humo alipokuwa msichana. Hii haikuwa sauti yake. Ilikuwa kama malori yanayopita bila kuisha.

Alianza kukimbia.

"Polepole, utavunjika!" Redio aliita nyuma yake.

Hakusikia. Alikuwa anaiona miguu ya mtoto wake. Aliijua kidole kwa kidole, alilijua kovu la kioo kwenye kisigino. Aliiona imesimama ukingoni, watoto wengine wamerudi nyuma, Mwalimu anakataza, na kidole kile kiko hewani. Mwalimu, je, kama mtu ana imani? Na yeye, mama yake, siku ile alikuwa anazungumza habari za mikono ya gauni. Kama jibu lilikuwa ndiyo? Mzee anaweza kusema ndiyo kwa mzaha, na Kiherehere hajui mzaha ukimhusu yeye. Laiti yeye mama angeuliza tu nyumbani. Angesema tu, mwanangu, mto wetu hausimami kwa mtu yeyote, unanisikia?

Walipita dimbwi la chini, jeupe na tuli. Baada ya hapo ardhi ilikuwa tambarare, na mwanga wa tochi ukagonga maji.

Mawe ya kuvukia hayakuwapo. Palikuwa na maji ya kahawia tu, yanabeba matawi, yanageuza gogo zima kwa urahisi, kama mtu anavyogeuza mkono wa nguo. Mama Sindano alimulika ng'ambo. Majani yaliyolala. Matope. Hakuna mtu, hakuna mfuko, hakuna kofia.

"Kiherehereeee!"

Mto ulilichukua jina lile hata kabla halijamaliza kutoka. Aliita tena. Redio naye aliita, na Redio akiita mtaa wa tatu husikia, lakini hapa ilikuwa kama kunong'ona kwenye mashine ya kusaga.

Mama Sindano alisogea mpaka maji yakagusa kiatu chake. Kama walikuwa ng'ambo, hakuwa na njia. Kama walijaribu kuvuka... Redio akamshika gauni kwa nyuma, akalishika kwa nguvu.

"Hapana, wifi. Hapana. Rudi nyuma. Mulika huku. Mulika ile nyumba."

Nyumba ya pampu ilikuwa upande wao, juu kidogo ya ukingo, kijumba cha matofali chenye dirisha moja dogo la nondo na mlango wa chuma. Mlango huo aliutengeneza Cheche mwenyewe, baada ya wezi kung'oa mabomba, na aliweka komeo kwa ndani ili mlinzi ajifungie. Mlinzi hakupatikana kamwe, ila mlango ulikuwa imara mpaka leo. Ndani kulikuwa giza. Hakukuwa na moto wala mwanga.

Tochi ilipanda ukutani, ikafika dirishani, ikapita, ikarudi.

Kwenye nondo kulikuwa kumefungwa kitu chekundu, kinapepea.

Mama Sindano alikijua hata kabla hajakifikia. Kilikuwa kipande cha satini, kingo zake zimekatwa kwa mkasi wa meno ili zisitoe nyuzi. Mkasi huo mtaa mzima anao yeye peke yake. Na sasa akajua ni cha nini. Mwanamke Rahabu, nyumba yake ikiwa ukutani mwa Yeriko, alifunga kamba nyekundu dirishani ili waliokuwa ndani wasiguswe mji ukianguka. Waliokuwa ndani. Basi walivuka. Ni nani aliyevuka? Wote?

Alipiga mlango kwa ngumi.

"Fungueni! Watoto! Ni mimi!"

Karibu sana na chuma, mtoto akalia na akazibwa mdomo.

"Fungueni, ni mimi Mama Sindano! Mwalimu yuko wapi?"

Sauti nyembamba ya kiume, mmoja wa wale mapacha, ilijibu. "Mwalimu amelala. Ametuvusha sisi wote, yeye akateleza, mguu umevunjika. Amesema tusimfungulie mtu yeyote usiku. Wezi wa vyuma wanajifanya wazazi."

"Mimi siyo mwizi, mwanangu! Niitie Kiherehere. Kiherehere yumo humo?"

Ndani kulikuwa na minong'ono, inaanza, inakatika. Mto ulinguruma. Mama Sindano aliegemeza paji la uso kwenye chuma baridi. Ametuvusha sisi wote, amesema wote, lakini mtoto akisema wote huwa anamhesabu nani? Mbona hawasemi yumo? Neno moja tu. Mbona wananong'ona?

"Wajinga nyie!" Redio alipiga mlango kwa nyundo. "Hamnijui hata mimi?"

"Huyo ndiye mwizi!" mtoto mmoja alipiga kelele ndani. "Ana nyundo!"

"Weka chini hiyo," alisema Mama Sindano. Akapiga magoti mbele ya mlango, mdomo kwenye upenyo wa bawaba. "Wanangu, nisikilizeni. Mmefanya vizuri kutii. Niambieni tu kama yumo. Basi. Nitakaa hapa nje mpaka asubuhi. Msifungue. Niambieni tu."

Minong'ono ikanyamaza. Kitu kikakwaruza chini ya mlango, kama mtu anayepiga magoti upande wa pili.

"Kama wewe ni mama yangu kweli," ilisema sauti iliyokauka kwa kuimba au kwa kulia, "kwenye ramani yetu, bahari iko upande gani?"

Mama Sindano alifumbua mdomo. Machozi yalitangulia, yakajaa, akayameza.

"Chini," alisema. "Iko chini, mwanangu. Mapajani mwangu."

Ndani mtu alicheka au alikohoa. Komeo la Cheche, ambalo halikupakwa mafuta tangu lilipowekwa, lililia, likakwama, likalia tena, na mlango ukaanza kufunguka.